Mfumo wa Mafuta wa Injini ya Petroli: Unavyofanya Kazi na Namna ya Kuupima Hatua kwa Hatua

Injini ya petroli ikikataa kuwaka, au ikiwaka halafu ikaishiwa nguvu kwenye mwinuko, pampu ya mafuta ndiyo hushukiwa kwanza. Inabadilishwa. Tatizo likibaki, zinafuata injekta, yaani vinyunyizio vya mafuta, kisha sensa moja baada ya nyingine, na mwishoni inagundulika kwamba waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye ncha hasi ya betri, ulikuwa umeliwa na kutu. Vifaa vizima vimetupwa, fedha imekwenda, na muda hauwezi kurudishwa. Haya yote yanaepukika, kwa sababu kila kipande cha mfumo wa mafuta kina kipimo chake: presha, ujazo, volti, ukinzani au muda. Mwongozo huu ni wa mwenye gari anayetaka kuelewa kinachoendelea chini ya boneti, na wa fundi anayeanza ambaye anataka kupima kabla ya kufungua.

Ila huwezi kupima usichokielewa. Kwa hiyo sehemu ya kwanza inaeleza mfumo unavyofanya kazi, na vipimo vinafuata.

Hewa hutangulia, mafuta hufuata

Petroli ikiwa maji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, tena kwa kipimo maalumu. Ili petroli iungue yote bila kubakiza mafuta wala oksijeni, kila gramu 1 inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Huo ni uwiano wa uzito. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 750 hivi, maana yake inahitaji karibu kilo 11 za hewa, na hewa hiyo ikipimwa kwa ujazo inafika takriban lita 9,000. Kwa hiyo mtu anayeshughulika na mafuta peke yake na kusahau njia ya hewa anaangalia sehemu ndogo sana ya kinachoingia kwenye silinda.

Mafuta yakizidi kipimo, mchanganyiko unakuwa mzito. Yakipungua, unakuwa mwepesi. Injini haitaki uwiano mmoja kila wakati. Inapobebeshwa mzigo mkubwa hutoa nguvu zaidi ikipewa mchanganyiko mzito kidogo, karibu 12.5 kwa 1. Ikiwa baridi huhitaji mafuta mengi zaidi, kwa sababu sehemu ya petroli hugeuka matone kama umande kwenye kuta za baridi badala ya kuwa mvuke. Katika mwendo wa kawaida, 14.7 ndicho kipimo kinachoiwezesha katalisti ya kwenye ekzosi kusafisha moshi vizuri. Petroli iliyochanganywa na ethanoli hubadilisha hesabu hiyo kidogo: ikiwa na asilimia 10 ya ethanoli, uwiano hushuka hadi karibu 14.1.

Jambo jingine la kushika mapema: kanyagio la mguu wa kulia kwenye gari la petroli halimwagi mafuta. Linafungua kipepeo cha hewa kilichoko kwenye throto, yaani lango la hewa ya injini. Hewa ikiongezeka, mfumo wa mafuta una kazi ya kuipima na kuifuata kwa petroli inayolingana nayo. Kabureta hufanya kazi hiyo kwa tofauti ya presha ya hewa. Injekta huifanya kwa hesabu za kompyuta.

Kabureta

Mwaka 1893 Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza mafuta kupitia jeti, na kanuni yake bado inafanya kazi leo kwenye pikipiki nyingi, jenereta, pampu za maji na mashine za kukata nyasi. Hewa inapita kwenye njia iliyobanwa katikati. Inapobanwa huongeza kasi, na kasi ikiongezeka presha yake hushuka. Upande wa pili kuna chemba ndogo ya petroli ambayo presha yake ni ile ya hewa ya nje. Tofauti hiyo ya presha huisukuma petroli kupitia tundu dogo la jeti hadi kwenye mkondo wa hewa, ambako hupasuka kuwa matone madogo.

Ndani ya chemba kuna boya. Petroli ikipanda, boya linapanda na kusukuma sindano inayofunga mlango wa kuingizia mafuta. Ikishuka, mlango unafunguka. Kimo hicho kikikosewa kwa milimita chache tu, injini nzima inabadilika tabia. Kuna jeti kuu ya mwendo, jeti ndogo ya kuifanya injini ingurume bila kukanyagwa, choki ya kupunguza hewa wakati wa baridi, na kwenye kabureta nyingi za magari kuna pampu ndogo inayorusha petroli ya ziada unapokanyaga ghafla.

Ugonjwa mkuu wa kabureta ni petroli iliyolala. Ikikaa miezi bila kutumika, sehemu zake nyepesi hupotea na kinachobaki huacha utando unaonata, na tundu la jeti ndogo ndilo huziba la kwanza. Dalili yake ni mashine inayowaka kwa choki peke yake na kuzima mara choki inapoondolewa. Fungua chemba, toa jeti, puliza kwa dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya kompresa, kisha itazame jeti dhidi ya mwanga mpaka uone duara safi. Usitumie waya wa chuma. Jeti ni ya shaba laini na mkwaruzo mmoja unalipanua tundu lake moja kwa moja.

Pampu ya kabureta hutoa presha ndogo mno, kama 0.2 hadi 0.4 baa (baa 1 inakaribia presha ya hewa inayotuzunguka). Anayefunga pampu ya umeme ya gari la injekta kwenye injini ya kabureta bila kidhibiti anaishinda nguvu sindano ya boya, na petroli inafurika juu ya injini yenye moto. Hatari hiyo ni ya kweli, na inatokea.

Injekta na kompyuta

Mfumo wa Bosch ulioitwa D-Jetronic ulianza kuuzwa mwaka 1967 kwenye Volkswagen 1600, na ndio ulioifanya injekta inayoendeshwa na elektroniki kuwa kitu cha gari la kawaida. Tuifuate petroli kuanzia tangini.

Ndani ya tangi kuna pampu ya umeme iliyozama kwenye petroli yenyewe. Hilo huwashangaza wengi, lakini petroli huipoza na kuilainisha, na humo hakuna mchanganyiko wa hewa unaoweza kulipuka kwa sababu mvuke umejaa kupita kiasi. Chini ya pampu kuna chujio la wavu, na juu yake kuna valvu ya kuzuia mafuta yasirudi injini ikizimwa. Baada ya hapo yanafuata chujio laini, bomba refu linalopita chini ya gari, na reli ya mafuta iliyolala juu ya injini ikizishikilia injekta zote.

Kidhibiti cha presha ndicho kifaa kisichoeleweka zaidi, na ukikielewa umeelewa nusu ya mfumo. Injekta ni tundu linalofunguka na kufungika. Mafuta yanayopita hutegemea muda wa kufunguka na tofauti ya presha kati ya upande wa reli na upande wa manifoldi, yaani mabomba yanayoipeleka hewa kwenye silinda, ambako mafuta yananyunyiziwa. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, manifoldi ina vakyumu, maana yake presha yake iko chini ya ile ya nje kwa 0.6 au 0.7 baa. Ukikanyaga hadi chini, vakyumu inakaribia kuisha. Kama presha ya reli ingekaa palepale, injekta ingetoa mafuta tofauti kwa muda uleule. Ndiyo maana kwenye mifumo yenye bomba la kurudishia mafuta tangini, kidhibiti kimeunganishwa na manifoldi kwa mpira mwembamba. Kidhibiti cha baa 3 kitaonyesha kama 2.4 injini ikinguruma, na ukichomoa mpira ule sindano ya geji ya presha hupanda hadi 3. Anayeona 2.4 na kusema pampu imechoka hajakumbuka mpira huo.

Magari mengi ya karibuni hayana bomba la kurudisha. Kidhibiti kimo tangini pamoja na pampu, presha hubaki karibu 3.5 hadi 4 baa, na kompyuta hufidia tofauti ya vakyumu kwa kubadili muda wa injekta.

Injekta yenyewe ni koili ya sumaku inayoinua sindano ndogo. Injini iliyopata moto, ikinguruma bila kukanyagwa, hufungua kila injekta kwa milisekunde 2 hadi 4 hivi kila mzunguko wa kazi. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, silinda hukamilisha hatua zake nne ndani ya milisekunde 20, kwa hiyo hata injekta ikibaki wazi muda wote haiwezi kupata zaidi ya hapo. Ukubwa wa injekta hupangwa kwa ajili ya wakati huo, na injekta iliyoziba kidogo huweza kuonekana nzima mjini kisha ikashindwa kwenye mwendo mkali.

Je, kompyuta inajuaje muda wa kufungua? Inauliza kwanza ni hewa kiasi gani imeingia. Baadhi ya magari yana sensa ya mtiririko wa hewa yenye waya au utando wa moto unaopozwa na hewa inayopita. Mengine yana sensa ya presha ya manifoldi, ambayo pamoja na joto la hewa na kasi ya injini huwezesha kukokotoa uzito wa hewa. Sensa ya krenki inatoa kasi na nafasi ya pistoni. Sensa ya joto la maji ya injini inaeleza kama mafuta yaongezwe kwa ajili ya baridi, na ikisema uongo kwamba injini ni baridi, gari litakunywa petroli na kutoa moshi mweusi ilhali pampu na injekta ni nzima.

Mwishoni kuna sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, na hii naitetea kwa nguvu kwa sababu hubadilishwa bure kuliko sensa nyingine. Ile ya kawaida ya zirkonia, ikishapata moto wa nyuzi 300 na zaidi, hutoa volti 0.1 hivi mchanganyiko ukiwa mwepesi na 0.9 ukiwa mzito. Kompyuta huongeza au kupunguza mafuta kufuatana nayo, na kiasi cha marekebisho hayo husomeka kwa asilimia kwenye skana, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Sensa inaposema kuna oksijeni nyingi, kwa kawaida ipo kweli. Swali ni imetoka wapi. Huenda manifoldi inavuta hewa kupitia mpira uliopasuka. Huenda ekzosi ina ufa kabla ya sensa na inavuta hewa ya nje. Huenda silinda moja inamisi, yaani mchanganyiko wake hauwaki, na hewa yake imetoka bila kuungua; hapo sensa itasoma wepesi hata kama petroli mbichi imetoka pamoja na hewa hiyo, kwa kuwa yenyewe haipimi petroli. Kubadilisha sensa katika hali zote tatu hakugusi chanzo.

Kunyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda

Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilinyunyiza petroli ndani ya silinda kwa pampu ya kimakanika, na mwaka 1996 Mitsubishi ilileta mfumo wa aina hiyo unaoendeshwa na elektroniki kwenye Galant. Leo umeenea. Una pampu mbili: ya tangini inayotoa presha ya chini, na ya pili inayosukumwa na kamshafti, mhimili unaofungua valvu za injini, inayopandisha presha hadi baa 50 na kufika 200, na kwenye injini mpya 350. Petroli inayogeuka kuwa mvuke ndani ya silinda huipoza hewa, hivyo injini inaweza kubana zaidi bila kugonga, yaani bila mchanganyiko kujilipua wenyewe.

Gharama yake ni kwamba petroli haipiti tena nyuma ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha, na masizi ya mafuta ya injini hujijenga hapo taratibu. Dawa za kumwaga tangini haziwezi kuyafikia masizi hayo, kwa sababu haziendi huko. Watengenezaji kadhaa wameongeza seti ya pili ya injekta kwenye manifoldi, na sababu mojawapo ni hiyo.

Kabla hujashika spana

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye nyuzi joto 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hutambaa sakafuni, hujaa kwenye shimo la gereji, na hufuata cheche iliyo mbali. Fanya kazi nje au mahali penye upepo, weka kizima moto cha unga karibu, na usitumie taa ya balbu ya kioo inayoweza kuvunjika.

Reli hubaki na presha hata injini ikiwa imezimwa. Kuishusha: chomoa fyuzi au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya pampu, washa injini uiache izime yenyewe, piga stata tena kwa sekunde chache, kisha tenganisha ncha hasi ya betri. Unapofungua kiungo, kifunike kwa kitambaa. Kwenye mfumo wa presha ya juu usilegeze bomba lolote injini ikiwaka. Petroli ya baa 200 hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbiziwa hospitali hata likionekana dogo. Mabomba yake, kwa injini nyingi, hayarudishwi yakishafunguliwa.

Hatua ya 1: Sikiliza

Hakikisha petroli ipo kweli, kwa sababu geji ya tangi huharibika kama kifaa kingine chochote. Kisha washa swichi bila kupiga stata, usikilize upande wa tangi. Magari mengi huzungusha pampu kwa sekunde 2 hivi, halafu kompyuta huizima kama krenki haizunguki. Baadhi huianzisha mlango unapofunguliwa, mengine husubiri stata, kwa hiyo ukimya peke yake hauhukumu.

Unganisha skana na usome kasi ya injini wakati stata inazunguka. Ikibaki sifuri, sensa ya krenki au waya wake ndio wa kuchunguzwa. Bila ishara hiyo kompyuta hainyunyizi mafuta, haitoi moto wa plagi, na pampu haiendelei. Pampu nyingi nzima zimetolewa kwa sababu ya sensa hii.

Hatua ya 2: Umeme wa pampu

Angalia fyuzi, kisha badilisha rilei na nyingine ya aina ileile iliyoko kwenye boksi. Baadhi ya magari yana swichi ya ajali inayokata pampu gari likigongwa. Mtikisiko mkali huweza kuifyatua.

Sasa pima kwenye soketi ya pampu, lakini pima pampu ikiwa inafanya kazi. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utaonyesha volti 12 kamili usipobeba mzigo, kisha utashindwa mara pampu inapodai umeme. Weka multimita kati ya ncha chanya ya betri na waya chanya wa pampu, pampu ikizunguka: tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibovu njiani. Kati ya waya wa ethi wa pampu na ncha hasi ya betri isizidi 0.2. Kipimo hiki kinachukua dakika chache na, kwa maoni yangu, ndicho kinachookoa fedha nyingi kuliko vyote katika mwongozo huu. Pampu mpya ikifungwa kwenye waya mbovu itakuwa dhaifu kama ile ya zamani.

Hatua ya 3: Presha

Funga geji kwenye reli. Kama hakuna mlango wake, tumia kiunganishi cha njia tatu kwenye bomba la kuingilia. Linganisha na kipimo cha mtengenezaji wa gari lako; kwa injekta za manifoldi mara nyingi ni baa 2.5 hadi 4.

Presha ikiwa chini na mfumo una bomba la kurudi la mpira, libane kwa sekunde moja au mbili kwa koleo lisilokata. Ikiruka juu haraka, pampu ina nguvu na kidhibiti kinaachia. Isipopanda, rudi nyuma: chujio, umeme, au pampu yenyewe. Bomba la plastiki ngumu usilibane, litapasuka. Presha ikiwa juu kupita kipimo, tazama kama njia ya kurudi imeziba au mpira wa vakyumu wa kidhibiti umechomoka. Na ukichomoa mpira huo ukakuta petroli ndani yake, kidhibiti kimepasuka utando, hakuna haja ya kipimo kingine.

Zima injini uangalie geji. Presha inaweza kushuka taratibu, lakini isianguke hadi sifuri ndani ya dakika chache. Gari linaloomba stata ndefu kila baada ya kupumzika mara nyingi lina tatizo hapa. Kupata mvujaji, jaza presha tena na ubane njia ya kuingilia: ikishika, valvu ya pampu ndiyo inarudisha. Bana njia ya kurudi: ikishika, ni kidhibiti. Isiposhika kote kuwili, injekta moja au zaidi inadondosha, na plagi ya silinda hiyo huwa nyeusi au imelowa.

Hatua ya 4: Ujazo

Presha nzuri si ushahidi kwamba mafuta yanatosha. Mpira wa maji ukibanwa kwa kidole hurusha maji mbali, ilhali ndoo inachelewa kujaa. Chujio lililoziba linaweza kuruhusu baa 3 injini ikinguruma, kwa kuwa matumizi ni madogo, kisha likashindwa barabarani.

Elekeza bomba kwenye chupa yenye alama za vipimo, endesha pampu kwa sekunde 30. Kwa magari madogo mengi, nusu lita au zaidi ni dalili njema. Kitabu cha gari kina kipimo chake. Namna nyingine ni kuendesha gari na geji ikiwa imefungwa kwa utepe nje ya kioo cha mbele, mwenzako akiitazama wakati wa mwinuko. Geji yenye petroli isiingizwe ndani ya gari hata kidogo.

Hatua ya 5: Injekta

Gusa kila injekta kwa bisibisi ndefu, weka sikio kwenye mpini. Mlio wa kugonga haraka unaofanana kwa zote ni mzuri. Iliyo kimya ichunguzwe. Pima ukinzani: nyingi huwa na omu 12 hadi 16, na zile za ukinzani mdogo huwa 2 au 3. Zinatakiwa zikaribiane. Usiipe injekta ya ukinzani mdogo volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, koili yake itaungua.

Kuona kama kompyuta inaamuru, tumia taa ndogo ya kupimia inayochomekwa kwenye soketi ya injekta. Ikimweka stata ikizunguka, amri ipo. Waya mmoja wa injekta hupata umeme muda wote swichi ikiwa imewashwa. Kompyuta huifungua injekta kwa kuunganisha waya wa pili na ethi.

Mgawanyo usio sawa hugunduliwa kwa geji: jaza presha, fungulia injekta moja kwa muda maalumu kwa kifaa chake, andika presha imeshuka kiasi gani, rudia kwa nyingine. Iliyoshusha kidogo imeziba. Ukizitoa, weka oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) mpya zilizopakwa mafuta safi ya injini. Oringi ya zamani iliyorudishwa huvujisha petroli juu ya injini yenye moto, na haifai kuokolewa.

Hatua ya 6: Marekebisho ya mafuta kwenye skana

Injini ikiwa na joto, soma marekebisho ya muda mfupi na ya muda mrefu, ukiyajumlisha. Kati ya -10 na +10 kwa kawaida hakuna cha kuhofia. Soma injini ikinguruma, soma tena kwa mizunguko 2,500, kisha ukiwa barabarani na mzigo.

Yakiwa juu, tuseme +20, injini ikinguruma, halafu yakarudi karibu na sifuri kwa 2,500, hewa inavuja kwenye manifoldi, kwa sababu tundu lilelile ni kubwa hewa ikiwa kidogo na halihesabiki hewa ikiwa nyingi. Yakiwa sawa injini ikinguruma na kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, rudi hatua ya 4, au safisha sensa ya mtiririko wa hewa kwa dawa yake maalumu. Ikichafuka huhesabu hewa pungufu. Yakiwa chini ya sifuri kwa wingi, injini inapata petroli isiyohesabiwa: injekta inayodondosha, kidhibiti kilichopasuka, au valvu ya kanista ya mkaa iliyokwama wazi. Kanista hiyo hukusanya mvuke wa tangi na kuurudisha kwenye manifoldi uungue. Anayeendelea kushindilia petroli baada ya pampu ya kituo kujikata huijaza kanista petroli ya maji, na gari lake huanza kuwaka kwa shida kila linapotoka kujazwa.

Kwenye skana, kodi ya hitilafu P0171 inamaanisha mchanganyiko mwepesi kwenye upande wa kwanza wa injini, P0172 mzito, P0300 kumisi kwa silinda bila mpangilio, na P0087 presha ya reli kuwa chini. Hakuna hata moja inayokutajia kifaa cha kununua.

Hatua ya 7: Petroli yenyewe

Toa kiasi kutoka kwenye bomba, weka kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji hukaa chini na mstari wake unaonekana wazi. Petroli yenye ethanoli ikimeza maji mengi, ethanoli hujitenga pamoja na maji, na kilichobaki juu hupoteza oktani. Tangi lenye maji au dizeli halitibiwi kwa dawa ya chupa. Limwage, lisafishe, badilisha chujio. Kuhusu oktani, nayo ni uwezo wa petroli kustahimili mbano bila kujilipua yenyewe. Injini isiyodai oktani ya juu haiongezewi nguvu nayo.

Tangi lisiachwe likae chini ya robo kila siku, pampu inahitaji kupozwa.

Baada ya kufunga

Rudisha betri. Washa na uzime swichi mara tatu bila kupiga stata ili reli ijae, kisha pitisha taa ya kurunzi na kidole kwenye kila kiungo ulichofungua. Kikiwa kikavu, washa injini, angalia tena ikinguruma, na mara ya tatu baada ya kuendesha na kupata moto, kwani viungo vingine huvuja vikitanuka. Harufu ya petroli ikibaki baada ya hapo, zima injini utafute inakotoka. Siku chache baadaye unganisha skana, usome marekebisho ya muda mrefu, uyalinganishe na uliyoandika kabla ya kuanza kazi.